Mwanapili Hasikii

Siku ile Mjaka wa duka alipopiga ukelele, "BI MWANAPILI, UNATAKA SUKARI AU CHUMVI?" mpaka paka aliyelala juu ya gunia la mchele akaruka mbio, Mwanapili aliweka kikapu chake chini, akashika kiuno, akamkazia macho.

"Wewe Mjaka, leo umeamkaje? Mbona unanipigia kelele kama mtu anayeswaga ng'ombe?"

Mjaka akababaika, miwani ikamteremka puani. "Niwie radhi, Bi Mwanapili. Nimeambiwa… wanasema siku hizi husikii."

"Nani kasema?"

"Nani hajasema? Kikwajuni nzima inasema."

Kumbe! Ndiyo maana wiki nzima watu walikuwa wakimfanyia vioja. Jirani wa mbele alimwambia kuwa maji ya mfereji yamerudi kwa kuzungusha kiganja hewani, kama anayecheza ngoma. Mwengine alimuuliza hali kwa kuinua kidole gumba. Na wale waliokuwa wakinyamaza akipita, sasa walikuwa hawanyamazi. Walimsengenya mbele ya uso wake huku wakimchekea, naye akayasikia yote, mpaka yale ya mguu wake wa kushoto.

Maana masikio ya Mwanapili, wallahi, hayakuwa na kasoro hata chembe. Kitunguu kikianza kushika chini ya sufuria, yeye yuko ukumbini, alikisikia. Kilichokufa kilikuwa pua. Ile homa ya mafua iliyopita mjini baada ya masika ilimlaza kama ilivyowalaza wengi. Akapona, kikohozi kikaondoka, nguvu zikarudi, lakini harufu haikurudi. Asumini haikumnukia. Udi ukawa moshi mtupu. Hata samaki aliyechacha alimpita puani kama hayupo. Akila, chumvi aliisikia, sukari aliisikia, ndimu aliisikia, lakini lile jambo linaloifanya biriani iitwe biriani lilikuwa halipo. Alitafuna kama anayetafuna pamba ya mto.

Kwa mtu mwengine hilo lingekuwa jambo la kusikitika, basi. Kwa Mwanapili lilikuwa msiba. Mwanapili binti Khatib ndiye mpishi wa shughuli. Ukisikia harusi imekula vizuri, tangu Ng'ambo mpaka Mji Mkongwe, uliza nani alishika mwiko, utaambiwa yeye, na kabla yake mama yake. Naye hakuwahi kupima kitu kwa kijiko maishani mwake. Alifunua kawa, akauinamia mvuke, akavuta, akasema: "Bado iliki." Watu wakaongeza iliki. Sasa aliuinamia mvuke ukamwambia kuwa ni mvuke.

Nje ya ndugu zake alimwambia mtu mmoja tu, Ulfat, msaidizi wake, ambaye wamemenya vitunguu pamoja tangu Ulfat hajaolewa. Na Ulfat, kwenye maulidi ya watu, akavuta pumzi ndefu ya huruma, akasema, "Masikini Mwanapili. Siku hizi hasikii." Alikusudia harufu. Lakini Kiswahili chetu ndivyo kilivyo: harufu tunaisikia, baridi tunaisikia, njaa tunaisikia, na mtoto mtundu naye tunasema hasikii. Wanawake wale wakafahamu masikio. Ulfat akaona neno lake limekwenda kusiko, akanyamaza nalo, akangoja siku nyengine. Alikuwa akiutamani ule mwiko kwa muda mrefu, jamani, tusifichane.

Pale dukani Mwanapili alitaka kupita nyumba kwa nyumba kuwatia watu adabu. Halafu akafikiri. Mpishi kiziwi bado ni mpishi. Lakini mpishi asiye na pua, nani atampa harusi yake? Akaokota kikapu.

"Ndiyo, Mjaka," akasema. "Sisikii vizuri. Nipe sukari, na ukisema na mimi, sema kwa nguvu."

Njia nzima alijichukia. Mwanapili hakuwa mtu wa kujificha. Alikuwa mtu wa kumsimamisha shehe wa mtaa barabarani akamwambia lake. Leo anajificha nyuma ya uziwi ambao hata si wake!

Sasa, ilikuwa mchana mmoja, keshakula kwa kujilazimisha, akachukua iliki moja kama alivyozoea miaka yote kusafisha kinywa. Akaipasua kwa meno, akatafuna zile punje nyeusi, akijua hazitamwambia kitu. Akavuta pumzi kwa mdomo. Hewa ikapita juu ya ulimi wake baridi.

Akasimama kutafuna. Akavuta tena. Baridi! Akateka maji ya mtungini akanywa, yakateremka kama yametoka kwenye barafu. "Ala!" akasema peke yake. Akaenda kwenye makopo yake. Karafuu: ikamtia ganzi pembeni mwa ulimi. Pilipili manga: ikamchoma. Tangawizi: ikampasha mpaka kooni. Harufu hakuna hata moja, lakini kinywa kizima kilikuwa kikisema naye, kila kiungo na sauti yake. Mwanapili akakaa kwenye kibao cha mbuzi, mbele ya nazi aliyoacha kuikuna, akacheka mpaka akalia.

Jioni akaja Nassra, binti wa kaka yake Hamid, anayefanya kazi kwenye shamba la serikali la viungo Kizimbani. Hajavua hata buibui, shangazi yake kamdaka mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Njoo hapa. Kwa nini iliki ina baridi?"

"Haina."

"Haina? Mimi nimeisikia kwa ulimi wangu, wewe unanambia haina?"

Nassra akacheka, maana anamjua shangazi yake. Akabandika maji, akatia majani ya chai, akachuma nanaa kwenye kopo lililokuwa dirishani, akaiponda kwa mgongo wa kijiko na kuitumbukiza. Akammiminia.

"Chai hii vipi?"

Mwanapili akapiga funda. "Moto. Umenibabua."

"Ngoja kidogo. Sasa vuta pumzi kwa mdomo."

Akavuta. Kinywa kikawa baridi hadi kwenye meno.

"Chai ya moto, kinywa baridi," Nassra akasema. "Baridi imetoka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si mimi niliyekuuliza wewe?"

"Skiza, Shangazi. Ndani ya kinywa kuna mishipa ya fahamu, na ile mishipa ina milango midogo, midogo hata huioni. Kuna mlango unaofunguka kikija kitu baridi. Ukinywa maji ya barafu, unafunguka, habari inakwenda kwenye ubongo: baridi imeingia. Sasa yale mafuta yaliyomo ndani ya nanaa yanaufungua mlango ule ule, na ya iliki pia, ingawa kwa upole zaidi. Hakuna kilichopoa. Lakini mlango ukishafunguka, ubongo utajuaje nani kaufungua? Unasema tu baridi imeingia. Na ukivuta hewa juu yake, au ukinywa maji, unaona ndiyo kabisa, barafu."

"Na pilipili?"

"Pilipili ina mlango wake, wa moto. Kinywa hakiungui, kinaambiwa tu kuwa kinaungua."

Mwanapili akaizungusha chai ndani ya kikombe. "Kwa hivyo iliki ni mwongo."

"Mwongo mkubwa."

"Na pua inahusu nini hapo?"

"Haihusu kitu. Harufu ina njia yake, chumvi na sukari zina njia zake, na hii ya baridi na moto ina mshipa wake mwengine kabisa. Homa imekuharibia pua, Shangazi. Huu mshipa umesalimika."

Mwanapili akakitua kikombe. Halafu akapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. "Basi mimi sijafa!"

"Nani kasema umekufa?"

"Mimi. Nilikuwa nshajizika."

Nassra hakutaka kumpa matumaini ya bure, akamwambia pale pale kwamba si kila kitu kina baridi au moto. Zafarani hataisikia. Maji ya waridi hatayasikia. Na kitu kikiungua je, atajuaje?

"Zafarani nina macho," Mwanapili akamjibu. "Maji ya waridi utanusa wewe. Na kitu kikiungua, mwanangu, kinapiga kelele kabla hakijanuka. Nyinyi wenye pua ndio hamsikilizi."

Akaanza kujifundisha upya, mwanamke mzima, ambaye wengine walijifundisha kwake. Alipika sufuria ndogo ndogo, akatia tone la rojo kwenye kiganja, akalilamba, akavuta pumzi, akangoja. Alijua sasa kwamba baridi ya iliki ikiishia mbele ya ulimi, bado. Ikigusa kaakaa, tayari. Ikifika kooni, imezidi, ipunguze kwa mtindi. Karafuu ikitia ganzi ya kuonekana, umeharibu. Pilipili manga ije baada ya iliki, isije kabla. Kila sufuria Nassra na Hamid ndio waliokula na kumwambia ukweli, na mwanzoni ukweli ulikuwa mbaya. Hamid alikula biriani mpaka akaomba, kwa heshima zote, apewe japo muhogo wa kuchemsha. Lakini siku ikafika akala, akasogeza sahani aongezwe. Mwanapili akamwongeza, roho yake imejaa.

Ndipo akaja Bi Sheikha wa Malindi ya Mji Mkongwe. Anamwoza binti yake Nada, na harusi ya nyumba ile, unajua, wataisema miaka. Akaketi ukumbini kwa Mwanapili, mwembamba ndani ya buibui lake, akampigia ukelele wa kuamsha wafu. "TUNATAKA BIRIANI! YA NYAMA! UTAWEZA?"

"Ntaweza, Bi Sheikha."

"ATI?"

"Ntaweza!" akapiga kelele na yeye. Ikawa mtu aliyepita nje angedhani wanagombana.

Asubuhi ya harusi uani kwa Bi Sheikha kulikuwa na meko ya mawe, sufuria nne kubwa, moshi, na wanawake wamejifunga kanga kiunoni, kila mmoja ana kisu na maneno. Mwanapili alikuwa anasaga iliki kwenye kinu. Akichota kidogo, analamba, anafunua mdomo, anavuta pumzi, anafumba macho. Ulfat alikuwa akimtazama tangu alfajiri. Akafuta mikono, akaenda kwa Bi Sheikha aliyekuwa amesimama pale pale karibu na meko akihesabu masinia.

"Bi Sheikha, nna neno na wewe. Twende ndani."

"Sema hapa hapa, mimi sina nafasi."

Ulfat akamtupia jicho Mwanapili. "Si neno la kusema hapa."

"Kwa ajili ya huyu? Huyu si hasikii! Sema."

Masikini Ulfat. Yeye peke yake uani pale ndiye aliyejua kwamba Mwanapili anasikia mpaka mchwa akitembea, na hakuweza kulisema hilo bila ya kujiumbua. Ikabidi ainame, amnong'oneze Bi Sheikha sikioni. Na Bi Sheikha, aliyeamini kuwa yuko mbele ya kiziwi, akajibu kwa sauti yake yote:

"Pua? Ati haisikii harufu? Tangu lini?"

Ulfat akanong'ona.

"Tangu homa ile? Na anakuja kunipikia harusi ya mwanangu?"

Ulfat akanong'ona haraka haraka, anatoka jasho.

"Umwambie apumzike, halafu wewe umalizie? Na viungo vyako umekuja navyo? Haya. Mchukulie mwiko polepole, asijue."

Mwiko wenyewe ulikuwa mkononi mwa Mwanapili. Uani pote visu vikasimama. Na hapo, tuseme kweli, Mwanapili angeweza kufanya la rahisi. Angejidai kizunguzungu, akaenda kukaa kivulini, heshima yake ikabaki, kesho watu wakasema masikini uzee. Aliufikiria huo urahisi, akaukataa.

Akauinua mwiko.

"Asijue nani?" akasema.

Bi Sheikha akaruka.

"Nnasikia, Bi Sheikha. Nnasikia kila kitu, na nimesikia miezi yote hii. Wewe Mwanakheir, nimesikia ulivyosema kuhusu mguu wangu. Masikio yangu mazima! Niliwaacha mseme mimi kiziwi kwa sababu niliona haya, na leo nnaona haya kwa sababu niliona haya." Akauelekeza mwiko kwa Ulfat. "Kilichokufa ni pua. Ulfat kasema kweli. Kaisema kinyemela kama mwizi wa kuku, lakini ni kweli. Sisikii harufu ya udi, sisikii harufu ya waridi, sisikii harufu ya hii nyama. Na biriani hii ntaipika mimi."

"Lahaula!" akasema mmoja.

"Utapikaje chakula usichokisikia?" akauliza Bi Sheikha, na uso ulikuwa umembadilika, umekuwa mkali kuliko neno lenyewe. "Ee? Mtu asiye na pua hajui chakula. Anatia kitu kinywani, kinapita tu. Usinifundishe mimi!"

"Nnakisikia kwa kinywa. Iliki inanipa baridi, pilipili inanipa moto, karafuu inanipa ganzi. Nimejifundisha."

Ulfat akacheka. "Iliki ina baridi! Jamani, mmesikia? Tuwatilie watu barafu kwenye biriani."

Wanawake wakacheka, wengine kwa furaha, wengine kwa wasiwasi. Mwanapili hakucheka. Akamsogelea Bi Sheikha mpaka wakatazamana.

"Sahani ya kwanza ule wewe, hapa uani, kabla haijatoka kwa watu. Ukisema mbaya, mwiko mkabidhi Ulfat mbele ya wote hawa, na mimi jiko la shughuli siingii tena mpaka nafukiwa. Lakini mpaka uonje, mtu asiniguse mkono."

Bi Sheikha akatazama jua, akatazama masinia. Wanaume walikuwa wakienda msikitini adhuhuri, nikahi, halafu chakula. Hapakuwa na wakati wa kuanza upya.

"Pika," akasema. "Na mimi ntaonja."

Basi akapika. Na mwanamke akipika kwa hasira iliyotulia, kaa mbali, utajifunza. Vitunguu vilipokuwa kwenye mafuta, Ulfat alisema, "Vinanukia, viopolewe," na Mwanapili akasema, "Bado, nyamaza nisikilize." Mafuta yalikuwa yakinguruma. Akasimama ameinamisha kichwa. Ngurumo ikapungua, ikawa kama manyunyu juu ya bati. "Sasa! Opoa!" Wakaopoa, vyekundu, vikavu, vinavunjika kwa kidole, havina uchungu.

Rojo likachemka. Akatia tone kiganjani, akalamba, akavuta pumzi mbele ya kadamnasi ile, mdomo wazi, bila ya kujificha. "Bado iliki." Akaongeza. Akalamba. Akangoja. Pilipili manga ikamjia mbele. "Mtindi." Akaletewa. Akalamba tena, akasimama muda mrefu hata watu wakaanza kutazamana. Nassra, aliyekuja kumsaidia, alikuwa ameshika chupa ya maji ya waridi kwa mikono miwili, akingoja zamu yake ya kunusa. Baridi ikapanda, ikagusa kaakaa, ikakaa hapo. "Funika," Mwanapili akasema. "Palieni makaa."

Mpaka hapo hakujua. Tuseme ukweli wote: aliogopa. Alikwenda nyuma ya ukuta, akashika jiwe kwa mikono miwili, akapumua. Kama ulimi umemdanganya, kama iliki ni mwongo kwake pia, basi leo ndiyo mwisho, na si mwisho wa siri, mwisho wa mbele za watu. Akajiambia: potelea mbali, bora hivi kuliko kuitwa kiziwi. Akarudi.

Bi Sheikha alikuwa keshavaa. Kanzu ya dhahabu, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko, udi unafuka mwilini mwake kwa wenye pua. Akapakuliwa wali wa zafarani, rojo juu, kipande cha nyama, vitunguu. Akala tonge la kwanza amesimama, haraka, kama mtu anayemaliza kazi. Akatafuna. Uso haukusema kitu.

Akala la pili. Hapo akapunguza kutafuna.

Kisha akafunua mdomo kidogo tu, akavuta pumzi.

Mwanapili akaiona pumzi ile. Hakuna mtu mwengine uani aliyeijua, lakini yeye aliijua, maana ilikuwa yake.

Ulfat hakuiona. "Bi Sheikha, vipi?" akauliza kwa sauti, kila mtu asikie. "Harufu si imepotea? Sema kweli tu, usimwonee haya."

Bi Sheikha akatia tonge la tatu, akavuta pumzi tena, na machozi yakaanza kumshuka, wanja ukateremka nayo mashavuni, mbele ya mashoga zake na majirani na mpiga picha aliyekuwa anangojea mlangoni.

"Unaniuliza harufu mimi?" akasema mwisho. "Ulfat, mimi sijasikia harufu tangu mwaka juzi."

Ulfat akarudi nyuma hatua moja.

"Homa ilinipata kabla yenu nyote. Nikanyamaza. Nikasema watanicheka, Sheikha hajui hata mchuzi wake umechacha. Chakula nnakikumbuka tu, sikili. Mnaniuliza mbona nimekonda, nnasema fikra za harusi." Akajifuta kwa kiganja chenye hina, akazidi kujipaka wanja. "Hii nimeisikia. Sijui nimesikia nini, lakini nimeisikia. Inapoa, halafu inapata moto, halafu inapoa. Mwanapili, umenifanya nini?"

"Nimekupikia," Mwanapili akasema. Na yeye alikuwa analia, lakini kichwa kiko juu. "Haya ya nini, Bi Sheikha? Umeiba? Miaka miwili huli, kwa haya! Kaa kitako ule."

Mwanakheir alikuwa keshachovya kidole kwenye rojo kwa nyuma, na aliyekuwa jirani yake naye, na walivyotazamana tu ilitosha. Ulfat akachota kijiko, akaonja, akakirudisha kwenye bakuli. Kisha akaanza kupanga masinia. Mwanapili akamwacha apange. Ya kusemezana naye yapo, na siku yake ipo, lakini si leo.

Bi Sheikha akavuta kibao cha mbuzi, akakaa na kanzu yake ya dhahabu katikati ya majivu na maganda ya vitunguu, akaiweka sahani mapajani, akala kwa mkono. Alikula kama mtu aliyerudi safari.

Mlangoni kukaja msichana mbio, anahema. "Bi Sheikha! Bi Sheikha! Upande wa bwana harusi wamefika, wako ukumbini, wanakuuliza wewe!"

Bi Sheikha hakuinua kichwa. Akamsogezea Mwanapili sahani, na Mwanapili akaongeza upawa mwengine, rojo likafurika mpaka ukingoni.

"Waambie wangoje," akasema Bi Sheikha. "Nnakula."